Je, Wajua? Waliokuja Kupita, Wakabaki Masasi na Newala

Je, wajua kwamba misheni ya Masasi, kusini mwa Tanzania, ilitokana na safari iliyokatishwa? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, alitoka Zanzibar na watu wapatao 50 waliokombolewa utumwani, akiwarudisha kwao, pande za Ziwa Nyasa. Walipofika kwenye majabali ya Masasi, wakaomba kubaki hapo hapo.

Je, wajua kwamba Newala iliwahi kuwapa hifadhi watu wa Masasi? Mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huku Magwangwara, waliivamia Masasi, wakachoma nyumba na kuteka watu. Misheni ikahamia Newala, kwa chifu Matola wa Wayao, huko juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde.

Je, wajua usalama huo ulikuwa na bei yake? Mchanga wa uwandani hunywa mvua yote, na chemchemi ziko chini mabondeni. Akina mama walishuka genge na kulipanda tena, mtungi kichwani, mpaka miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ulipoanza kuyasukuma maji juu.

Je, wajua kwamba ngoma za huku zilirekodiwa mwaka 1906? Mjerumani Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alikusudia kwenda Irangi. Machafuko ya huko yakamgeuza njia, akaja kusini na silinda zake za nta, akanasa sauti za waimbaji wa Masasi na Newala.

Je, wajua kwamba hata mkorosho ni mgeni? Wareno waliuleta kutoka Brazili katika karne ya 16. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000, na serikali ikajenga viwanda vya kubangua, vikiwemo vya Masasi na Newala. Lakini wakulima walishahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na mikorosho yao, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Miaka ya 1980 mavuno yaliporomoka hadi chini ya tani 20,000, na viwanda vingi vikafungwa au kugeuzwa maghala. Kubangua kukabaki kazi ya majumbani: mbanguaji hupaka majivu vidoleni, maana mafuta ya ganda huunguza ngozi. Sehemu kubwa ya korosho bado husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Mkorosho mgeni umebaki. Ajira ya kubangua korosho zake ndiyo iliyohama.