Wino wa printa umeisha: Ununue katriji orijino au iliyotengenezwa upya?

Mwalimu wa Lushoto anayetunga mtihani wa wiki. Mwanafunzi wa Chuo cha Uongozi wa Mahakama anayemalizia kazi ya darasa. Katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga anayeandaa orodha ya wanachama. Wote hujikuta na swali moja siku printa ya nyumbani inapoanza kutoa maandishi yaliyofifia: nunua katriji gani?

Orijino inauma mfukoni. Pembeni yake muuzaji anaweka nyingine, karibu nusu bei, na kusema "hii imetengenezwa upya, inapiga kazi vilevile."

Wakati mwingine anasema kweli. Wakati mwingine hela inaenda na karatasi zinatoka na mistari meupe. Na kwa mtu wa Lushoto, kurudisha mzigo Kariakoo si jambo la kupanda daladala tu. Ndiyo maana inafaa kujua unachonunua kabla ya kulipa.

Dukani kuna aina tano

Majina yanachanganywa sana, na hapo ndipo wengi wanapigwa.

• Orijino: imetengenezwa na kampuni ya printa yenyewe, kama HP, Canon au Epson.

• Iliyotengenezwa upya: ganda orijino lililokwisha kutumika. Linasafishwa, linajazwa wino, linajaribiwa na kufungwa upya.

• Mbadala: katriji mpya kabisa, lakini ya kampuni nyingine. Ganda na chipu si vya kampuni ya printa.

• Ya kujaza kwa sindano: fundi anachukua katriji yako, anatoboa au kufungua juu na kuingiza wino. Haina majaribio ya kiwandani.

• Feki: imevalishwa boksi na nembo ya kampuni kubwa ili ionekane orijino.

Aina nne za kwanza ni biashara halali mradi muuzaji aseme ukweli. Ya tano ni kosa. Tanzania, bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani (FCC) chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Tatizo kubwa ni pale katriji ya kujaza kwa sindano inapouzwa kwa jina la "iliyotengenezwa upya". Kwa macho zinafanana. Tofauti ni kazi iliyofanyika ndani.

Usiangalie bei ya katriji, angalia bei ya ukurasa

Chukua HP 652 nyeusi, inayotumika kwenye printa za DeskJet Ink Advantage kama 2135 na 3835. HP inakadiria itoe kurasa 360.

Tuseme orijino inauzwa Sh45,000 na iliyotengenezwa upya Sh25,000. Hizo ni bei za mfano tu, weka za duka lako.

Orijino: Sh45,000 gawanya kwa 360, unapata Sh125 kwa ukurasa.

Ili ile ya Sh25,000 isikupe hasara, inabidi ifike angalau kurasa 200. Ikitoa 300, kila ukurasa umekugharimu kama Sh83, umeokoa. Ikigoma kwenye ukurasa wa 120, umelipa zaidi ya Sh200 kwa kila ukurasa. Rahisi imegeuka ghali.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji si "bei gani?" peke yake. Ongeza: "inatoa kurasa ngapi, na isipofika tunafanyaje?"

Angalia pia kama ni ya kawaida au XL. Katriji nyeusi ya HP 123 ya kawaida inakadiriwa kurasa 120, wakati 123XL ni 480. Ganda ni la umbo moja, wino ndiyo tofauti. Mara nyingine XL orijino inashinda ya bei chee kwa hesabu ya ukurasa.

Kumbuka, makadirio ya viwandani hupimwa printa ikichapa mfululizo. Nyumbani unachapa kurasa tatu leo, mbili wiki ijayo. Kila printa inapojisafisha inakula wino, hivyo utapata pungufu hata kwa orijino.

Kichwa cha kuchapia kiko wapi?

Hili ndilo la kujua kabla ya yote.

Kichwa ni sehemu yenye matundu madogo mno yanayorusha wino kwenye karatasi. Kwenye printa nyingi ndogo za HP na Canon za nyumbani, kichwa kipo kwenye katriji yenyewe. Ndiyo kile kibamba chenye matundu usichotakiwa kukigusa. HP 652, HP 123 na Canon PG-445 ziko hivyo.

Kwenye printa za Epson, kichwa kipo ndani ya mashine.

Tofauti hiyo inabadilisha hatari yote. Kichwa kikiwa kwenye katriji, katriji mbovu unaitoa, unaweka nyingine, printa inabaki salama (labda uifute wino uliovuja). Kichwa kikiwa ndani ya mashine, wino mbovu unaweza kuziba matundu yake, na ufundi wake unaweza kukaribia bei ya printa mpya.

Lakini kuna upande wa pili. Katriji yenye kichwa inachoka. Printa za HP na Canon hurusha wino kwa kuuchemsha kwa vipande vidogo vya umeme, na vipande hivyo huungua kadiri vinavyotumika. Ganda lililojazwa mara moja bado lina maisha. Lililojazwa mara nyingi linaweza kuwa limejaa wino na bado likatoa mistari.

Chipu inaweza kuikataa

Septemba 2016, watumiaji wengi wa printa za HP OfficeJet duniani waliamka na kukuta mashine zao zinakataa katriji zisizo za HP zilizokuwa zinafanya kazi jana yake. Sababu ilikuwa programu ya ndani ya printa inayokagua chipu. Nchini Marekani suala hilo lilifika mahakamani, na HP ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kulimaliza.

Ukaguzi huo bado upo kwenye printa nyingi za HP. Kwa maelezo ya HP yenyewe, kinachozuiwa ni chipu isiyo ya HP. Katriji iliyotengenezwa upya ikiwa na chipu yake ya HP ya awali inatakiwa kukubaliwa. Hapo iliyotengenezwa upya inaizidi mbadala.

Mambo mengine matatu ya kuangalia:

• Printa ya HP yenye herufi "e" mwisho wa namba ya modeli. Nyingi za aina hiyo, zikiwashwa kwa mpango wa HP+, zinadai wino orijino na intaneti muda wote.

• Printa iliyoletwa kutoka nje. Katriji hutofautiana kwa kanda: mashine ya Marekani inaweza kutaka HP 63 na ya Ulaya HP 302, wakati inayouzwa huku ni HP 123. Soma namba kwenye printa yako, usiende kwa kufananisha umbo.

• Ujumbe kwamba "wino umeisha" au katriji "imetumika". Chipu inakumbuka matumizi ya zamani. Ujumbe huo peke yake hauna maana kwamba umeuziwa feki. Kwenye printa nyingi bonyeza "OK" na kazi inaendelea.

Vipi dhamana? Masharti ya HP yanasema kutumia katriji iliyojazwa hakufuti dhamana ya printa, isipokuwa uharibifu umesababishwa na katriji hiyo. Kwa kampuni nyingine soma karatasi ya dhamana.

Mlima nao una mambo yake

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Katriji ikitoka Dar es Salaam kwenye kifurushi cha basi, ikapandishwa kona za Mombo hadi Lushoto kwa kilomita 33, inafika mahali ambapo mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 15. Hewa iliyonaswa ndani hutanuka na kusukuma wino. Katriji iliyofungwa vizuri inavumilia. Iliyozibwa kienyeji inaweza kufika imelowesha mfuko.

Kisha kuna ukungu na mvua za masika. Karatasi hunyonya unyevunyevu, wino unatambaa na printa inavuta karatasi mbili mbili. Kabla ya kulaumu katriji, jaribu karatasi kavu kutoka pakiti mpya. Hifadhi rimu kwenye mfuko wa plastiki.

Umeme ukikatika katikati ya kuchapa, kichwa kinabaki wazi bila kufunikwa na wino unakauka kwenye matundu. Ukirudi, washa printa, kisha izime kwa kitufe chake. Usizimie ukutani.

Kabla hujatoa hela

• Uliza wazi: "Hii ni orijino, imetengenezwa upya au ni ya kujaza?" Jibu liandikwe kwenye risiti.

• Boksi liandike waliotengeneza upya ni nani. Boksi linaloonyesha HP au Canon tu huku bei ni nusu, liogope.

• Kibandiko cha kuziba matundu kiwepo, na pasiwe na wino uliovuja kwenye mfuko.

• Dukani, omba igusishwe kwenye tishu yenye unyevu kidogo. Alama ya wino iwe imekamilika bila mapengo. Ya rangi itoe rangi zote tatu.

• Ukiagiza kwa simu kutoka Tanga au Dar, kubalianeni mapema nani atalipia nauli ya kuirudisha. Bila makubaliano hayo, ongeza nauli hiyo kwenye hesabu yako ya bei.

Nani anunue, nani aache?

Unachapa maandishi meusi kila wiki, printa yako ina kichwa kwenye katriji, na muuzaji yuko karibu na anabadilisha mbovu: chukua iliyotengenezwa upya. Hatari ni ndogo na akiba ni ya kweli. Anza na moja, hesabu kurasa zake, ndipo ununue ya pili.

Kazi ni ya picha za rangi, au printa ni ya Epson yenye katriji: hapo orijino ni salama zaidi.

Unachapa kurasa chache kwa mwezi: huenda hata katriji isikufae, itakauka kabla haijaisha. Steshenari ikitoza Sh200 kwa ukurasa, kurasa kumi kwa mwezi ni Sh24,000 kwa mwaka mzima. Hiyo ni pungufu ya katriji moja kwenye mfano wetu. Ukiamua kubaki na printa, chapa angalau ukurasa mmoja wenye rangi kila wiki.

Unachapa mamia ya kurasa kwa mwezi, mfano mitihani ya darasa zima: achana na katriji, jipange kwa printa ya tenki. Mashine yenyewe ni ghali, lakini chupa moja ya wino mweusi wa Epson 103, mililita 65, inakadiriwa kutoa hadi kurasa 4,500. Kwa HP 652 ungehitaji katriji 12 au 13 kufika hapo.

Na lile ganda tupu usilitupe kwenye moto wa takataka. Kama ni orijino na kichwa chake bado kizima, muulize muuzaji kama analipokea. Ganda lililotumika mara moja ndilo watengenezaji upya wanalolitafuta.