Kabla ununue hisa, chungulia rafu

Uko na Sh9,000 kwa M-Pesa na unataka kuingia soko la hisa? Poa. Lakini usiishie kukodolea macho grafu kwenye simu. Angalia pia jinsi mzigo unavyofika dukani.

Chukua Uchumi. Mwishoni mwa 2014, supamaketi hiyo iliwauzia wenyehisa wake hisa mpya kwa Sh9 kila moja. Waliomba nyingi kuliko zilizokuwepo. Mwaka uliofuata rafu zikaanza kubaki wazi, na Oktoba 2015 kampuni ikatangaza kufunga matawi yake Uganda na Tanzania. Bei ya hisa ilizidi kuteremka hadi chini ya shilingi moja. Piga hesabu: ile Sh9,000 yako ingebaki chini ya Sh1,000.

Inakuwaje rafu tupu imeze pesa za mtu? Iko hivi. Supamaketi huchukua unga, maziwa na sabuni kwa mkopo. Wewe unalipa leo, lakini aliyeleta bidhaa analipwa baada ya mwezi, miwili ama hata mitatu. Hapo katikati kampuni imeshika pesa ambazo si zake. Ni raha, mradi mzigo unatoka haraka.

Shida huanza ikiagiza vitu visivyouzika, ama ikichukua hizo pesa kufungua tawi jipya. Siku ya kulipa ikifika, mfuko uko mtupu. Mwenye maziwa hapigi kelele, anaacha tu kuleta. Nawe ukikosa maziwa, unavuka barabara, na mkate na sukari unanunua hukohuko. Mauzo yanashuka, madeni yanapanda. Na kampuni ikianguka, mwenyehisa ndiye wa mwisho kwenye foleni ya kulipwa.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Juni 2006 Uchumi ilifunga milango kwa sababu ya madeni, ikafufuliwa kwa msaada wa serikali, na hisa zake zikarudi sokoni 2011.

Kwa hivyo fungua ripoti ya mwaka ya kampuni. Iko mtandaoni bila malipo. Tafuta mambo mawili: bidhaa zinakaa stoo muda gani, na wanaozileta wanaidai pesa ngapi. Deni hilo likikua kuliko mauzo, shtuka. Halafu ingia dukani, uone kama maziwa yapo.