Farao Bado Yuko Kwenye Biro



Tunapozungumza nanyi juu ya kazi, hamlalamikii mshahara mdogo tu. Mnasema juu ya shefu anayemtukana mfanyakazi mbele ya wenzake, juu ya kuhamishwa bila kuelezwa sababu, juu ya kukumbushwa kila siku kwamba wengi wako inje wanangojea nafasi yenu. Halafu mnauliza: je, Mkristo anyamaze tu?

Leo tutaeleza jambo lililotokea Ufaransa, kwa sababu linaonyesha wazi namna dharau inavyotengenezwa ndani ya kampuni kubwa. Si kila mara inaanza na mtu mwenye hasira. Mara nyingine inaanza na karatasi yenye hesabu.

Kampuni hiyo iliitwa France Télécom. Sisi hapa Kongo tunaijua kwa jina ililochukua mwaka wa 2013: Orange. Zamani ilikuwa mali ya Serikali ya Ufaransa, na wengi wa wafanyakazi wake walikuwa bado na haki za watumishi wa Serikali. Haikuwezekana kuwafukuza hivi hivi. Lakini wakubwa walitaka watu 22 000 watoke kati ya mwaka wa 2006 na 2008, na wengine 10 000 wabadilishwe kazi. Sasa, mtu ambaye huwezi kumfukuza, utamtoa namna gani? Unamfanyia kazi kuwa chungu mpaka aombe mwenyewe kuondoka.

Mwaka wa 2006, mkubwa wa kampuni, Didier Lombard, aliwaambia mashefu wake kwamba watu hao watatoka tu, kwa njia moja ao nyingine, kwa dirisha ao kwa mlango. Neno hilo likashuka ngazi. Mashefu wa chini wakafundishwa namna ya kusukuma watu. Fundi wa nyaya akapelekwa kuuza kwa telefone, kazi asiyoijua. Wengine wakahamishwa mbali na jamaa zao. Wengine wakaachwa kwenye biro bila kupewa kazi yoyote, wakikaa tangu asubuhi mpaka jioni kama kiti kibovu.

Wengi wakaugua, na wengine wakajiua. Tribinali ya Paris ilichunguza habari za watu 39: 19 walikuwa wamejiua, 12 walikuwa wamejaribu, na 8 walikuwa wameingia katika huzuni nzito ao wameshindwa kuendelea na kazi. Tarehe 20 Desemba 2019, tribinali iliona kampuni na wakubwa wake kuwa na kosa. Kampuni ilitozwa euro 75 000, kiasi cha juu kabisa ambacho sheria iliruhusu. Lombard alikata rufaa, na mwaka wa 2022 akapewa kifungo cha mwaka mmoja kilichosimamishwa, maana yake hakuingia gerezani. Januari 2025, mahakama ya juu ya Ufaransa ikaimarisha hukumu hiyo.

Tuelewe vizuri kitu kilichohukumiwa. Wale wakubwa hawakuwa wamemtukana kila mfanyakazi kwa kinywa chao. Wengi wa walioumia, hawakukutana nao hata siku moja. Waamuzi walisema kwamba namna yenyewe ya kuongoza kampuni inaweza kuwa mateso, na aliyeipanga atajibu.

Msomaji wa Biblia hawezi kushangaa. Fungua Kutoka sura ya 5. Farao hakushika fimbo kwa mkono wake. Alibadilisha hesabu tu: majani ya kutengenezea matofali yasitolewe tena, lakini matofali yabaki yale yale. Wasimamizi Waebrania ndio waliopigwa hesabu ilipokosekana. Na walipoenda kulia mbele yake, aliwaita wavivu. Hapo kuna alama tatu: kazi isiyowezekana, mashefu wadogo wanaobanwa ili nao wabane wenzao, na jina baya analopewa mtu anayeumia. Ukiziona zote tatu kazini kwako, ujue kwamba shida si uvivu wako.

Basi tufanye nini? Kwanza, andika. Weka tarehe, neno lililosemwa, na nani alikuwepo. Pili, usibaki peke yako. Ongea na mjumbe wa sendika kama yuko. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka wa 2002 inahesabu mateso, vitisho na matusi makubwa kuwa kosa zito la mwenye kazi, hata kama yametoka kwa mtu wake. Inspekta wa kazi ndiye anayejaribu kwanza kuwapatanisha, mbele ya jambo kufika tribinali. Kwenda kwake si kukosa imani. Mutume Paulo naye aliomba haki yake mbele ya wakubwa wa Roma.

Tatu, neno kwa sisi tunaoongoza makanisa. Mara nyingi ndugu anakuja na mzigo huu, nasi tunamwambia avumilie na aombe, kisha tunafunga mlango. Tuombe naye, ndiyo, lakini tumsikilize mpaka mwisho. Na akisema kwamba maisha hayana maana tena, tusimwache arudi nyumbani peke yake. Tumpeleke kwa munganga siku hiyo hiyo, na tuwaambie watu wa nyumba yake. Kuugua moyoni sababu ya kazi si zambi.

Mwisho, tujiangalie. Kati yetu kuna mashefu wa kazi, na wenye maduka, na mama wenye watumishi nyumbani. Waefeso 6:9 inawaomba wakubwa waache vitisho, kwa maana wao pia wana Bwana mbinguni. Hata sisi wa redio tuna zamu wa usiku na fundi wa mitambo. Juma hili tumeamua kuwauliza kwanza wao, bila shefu kukaa karibu, namna wanavyosemeshwa hapa kwetu. Tunawaomba nanyi mfanye vile vile pale mnapoongoza.

Bwana awabariki.