Mwongozo mzuri wa programu huokoa mzigo mpakani

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MFANYABIASHARA wa Buyenzi anajua bei ya mchele Kigoma, msimu wa mikeke Rumonge na nauli ya lori mpaka Kobero. Lakini mwekee mbele programu mpya ya kutangaza mzigo, kulipa kodi au kutunza hesabu, utamwona akitafuta kijana wa kumbonyezea. Kijana atalipwa. Akikosea tarakimu moja, anayekwama mpakani ni mwenye mali.

Si kwamba wafanyabiashara ni wavivu wa kujifunza. Mara nyingi kasoro iko kwenye mwongozo: umeandikwa na aliyetengeneza programu, kwa ajili ya mtu anayeijua tayari.

Mifumo mingi, lugha nyingi

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007. Tangu hapo kazi nyingi za forodha zimehama kutoka kwenye makaratasi kwenda kwenye kompyuta. Mamlaka ya Mapato ya Burundi, OBR, hutumia ASYCUDA World, mfumo uliotengenezwa na UNCTAD na ambao wazungumzaji wa Kifaransa huuita SYDONIA. Rwanda na Uganda nazo hutumia mfumo huo. Tanzania na Kenya zina mifumo yao.

Chini ya Himaya Moja ya Forodha, mifumo hiyo inatakiwa kubadilishana taarifa. Hata hivyo, mtu wa kawaida hukutana na Kifaransa Bujumbura, kisha Kiingereza akivuka kwenda Kabanga. Kiswahili anachonunulia na kuuzia pande zote mbili mara nyingi hakimo kwenye skrini.

Anzia kwenye kazi

Mwongozo mbaya huanza kwa kueleza kila kitufe. Mwongozo mzuri huanza na kile msomaji anachotaka kufanya: “Nina magunia ya mchele, nataka kuyavusha.”

Chukua utaratibu wa biashara uliorahisishwa wa Jumuiya, unaohusu mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani. Kabla ya hatua ya kwanza, msomaji aulizwe: Je, bidhaa imezalishwa ndani ya Jumuiya? Je, imo kwenye orodha iliyokubaliwa? Thamani yake haizidi kiwango? Kisha aambiwe ukweli wote: cheti cha uasili humwondolea ushuru wa forodha, lakini tozo nyingine na vibali, kama vya afya ya mimea, vinabaki palepale. Asiyeambiwa hilo mapema atalijua akiwa amepanga foleni.

Baada ya hapo, aorodheshewe vya kuwa navyo mkononi: kitambulisho, namba ya mlipakodi, ankara, simu yenye chaji. Hatua ziandikwe moja moja, na kila hatua ieleze kitakachoonekana ikifanikiwa.

Maneno ya kwenye skrini yasibadilishwe. Kama kitufe kimeandikwa Valider, mwongozo useme “bonyeza Valider, yaani thibitisha.” Ukiandika “bonyeza thibitisha” pekee, msomaji atalitafuta neno ambalo halipo.

Umeme ukikatika

Miongozo mingi hueleza siku ambayo kila kitu kimekwenda sawa. Mpakani siku hiyo ni adimu. Mtandao ukikatika katikati ya malipo, je, alipe tena au asubiri? Akiwa ameandika kilo badala ya gunia, anasahihisha wapi? Nusu ukurasa wa majibu ya namna hiyo una faida kuliko kurasa kumi za sifa za programu. Na uchapwe kwenye karatasi, uwe na tarehe, ili anayeusoma ajue kama umepitwa na wakati.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Kuna kipimo kimoja kisicho na gharama. Mpe mwongozo mtu ambaye hajawahi kuigusa programu, kaa pembeni, usimsaidie. Anaposita, hapo ndipo sentensi imekosewa. Mtumiaji mgeni huona mashimo ambayo mwenyeji ameyazoea.

Kazi hii isisubiri ofisi kubwa. Vyama vya wafanyabiashara wa Bujumbura, Kigoma na Uvira vina watu waliokwishakosea, wakalipia makosa hayo na kujifunza. Wakikaa pamoja jioni moja na kuandika kwa Kiswahili hatua walizopitia, anayefuata hatahitaji kulipia somo lilelile.