Medali Kumi na Moja, Mchezo Mmoja

Katika jedwali la Olimpiki ya Paris 2024, Kenya ilishika nafasi ya 17 duniani na ya kwanza Afrika: dhahabu 4, fedha 2, shaba 5. Anayeishia hapo haoni tatizo. Tatizo linaanza anapouliza kila medali ilitoka mchezo gani. Zote 11 ni za riadha, na zote ni za mbio za mita 800 kwenda juu. Hakuna ya kuruka, ya kurusha, ya mbio fupi, ya ulingoni wala ya majini.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Kati ya 1968 na 1988 mabondia wa Kenya walileta medali 7 za Olimpiki. Philip Waruinge alipata shaba Mexico City 1968 na fedha Munich 1972. Robert Wangila akatwaa dhahabu Seoul 1988, michezo ileile ambayo Chris Sande alirudi na shaba. Hizo mbili za Seoul ndizo medali za mwisho za Kenya nje ya riadha. Olimpiki tisa zimepita tangu hapo. Paris, Kenya haikuwa na bondia hata mmoja, kwa hiyo hatuwezi kusema mabondia wetu walishindwa. Hawakufika.

Mpira wa magongo ulianguka kimyakimya zaidi. Kenya ilikuwa ya 6 katika Olimpiki ya Tokyo 1964 na ya 4 katika Kombe la Dunia la 1971. Baada ya Seoul 1988 haijafuzu tena. Timu ile ilitegemea sana vilabu vya Wakenya wenye asili ya Kiasia, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 familia nyingi za jamii hizo zilihamia Uingereza na Kanada. Waliohama hawakuwa wachezaji tu. Walikuwamo pia makocha, waamuzi, watunza hesabu za klabu na wazee waliokata nyasi za uwanja kwa gharama yao. Mchezaji mmoja huzibiwa pengo kwa msimu mmoja. Klabu iliyokufa haizibiwi pengo na timu ya taifa, kwa sababu timu ya taifa ndiyo inayolishwa na klabu.

Pwani inaonyesha mporomoko huu vizuri kuliko mahali pengine. Dhahabu za kwanza za Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola hazikutoka Bonde la Ufa wanakotoka wakimbiaji wengi wa mbio ndefu. Zilitoka Mombasa. Seraphino Antao, kijana wa Mombasa mwenye asili ya Goa, alishinda yadi 100 na yadi 220 kule Perth mwaka 1962. Yeye naye alihamia Uingereza baadaye. Mkenya mwingine kushinda mbio fupi kabisa katika michezo hiyo alikuwa Ferdinand Omanyala, Birmingham 2022, yaani miaka 60 baadaye. Pengo refu kiasi hicho halielezeki kwa bahati mbaya. Linahitaji sababu inayofanya kazi kila mwaka.

Sababu hiyo inaonekana vizuri ukiifuatilia kutoka mahali kama Gongoni, Kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Malindi, ukishapita Mambrui. Ardhi ni tambarare, bahari iko jirani, na kazi kubwa ni chumvi: maji ya bahari huingizwa mabwawani, jua linayakausha, vibarua wanakwangua na kubeba. Tuchukue kijana wa miaka 16 mwenye kasi. Shuleni, njia za kukimbilia huchorwa kwa majivu, kama katika shule nyingi za umma, na mwalimu hupima kwa saa ya mkononi. Muda huo hauna thamani nje ya shule. Ili mbio za mita 100 zihesabiwe katika viwango vya kimataifa, lazima zipimwe kwa mtambo wa kielektroniki, tena upepo wa mgongoni usizidi mita 2 kwa sekunde. Kusi linapovuma Pwani, hata muda mzuri unaweza kufutwa na upepo, ikiwa kipima upepo chenyewe kipo.

Basi kijana aende Nairobi, ambako mchujo wa taifa hufanyika. Ni safari ya zaidi ya kilomita 600, na juu ya nauli kuna malazi na chakula. Hapa jiografia inamcheza shere. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi humsaidia kidogo mkimbiaji wa mbio fupi, lakini humwadhibu wa mbio ndefu aliyezoea hewa nzito ya ufuoni. Kwa hiyo mbio anazoweza kushindana ni zile zisizo na mfadhili, na zenye mawakala, kambi na zawadi za fedha ni zile ambazo mwili wake haukuandaliwa kuzikimbia. Mawakala wa Ulaya hupiga kambi Iten, kule Bonde la Ufa, mita 2,400 juu. Hawana sababu ya kibiashara ya kuteremka Gongoni.

Wapo watakaosema: basi waogelee, bahari si ipo? Ipo, lakini haina mita 50 zilizopimwa. Mabwawa mengi ya karibu ni ya hoteli za Malindi, mengine yamechongwa umbo la haragwe kumfurahisha mtalii. Huwezi kupimia muda humo. Uogeleaji wa Kenya umewahi kung'aa: Jason Dunford alishinda mita 50 za mtindo wa kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi 2010, na Hamdan Bayusuf wa Mombasa aliogelea katika Olimpiki ya Rio 2016. Lakini shirikisho lenyewe limezama katika migogoro ya uongozi hadi likasimamishwa kimataifa mwaka 2022. Wakati huohuo, kijana wa Gongoni aliyemaliza shule akienda kwenye chumvi anapata ujira. Mazoezi mara mbili kwa siku hayamlipi kitu, na yanamtaka ale zaidi.

Ajira ndiyo mhimili usiotajwa katika haya yote. Mwanamichezo wa Kenya aliye nje ya mbio za barabarani mara nyingi huishi kwa mshahara wa jeshi, polisi, magereza au shirika la umma. Mwajiri huyo hupendelea mchezo unaoleta sifa, na sifa inatoka kwenye medali zilizokwisha kupatikana. Mchezo usio na medali haupati nafasi za kazi, na usio na nafasi za kazi haupati medali. Mduara huu haumhitaji mtu mbaya ili uzunguke, ingawa watu wabaya wamekuwapo: mwaka 2021 mahakama ilimtia hatiani aliyekuwa Waziri wa Michezo kwa kashfa ya maandalizi ya Rio 2016.

Je, mhimili mmoja uliobaki ni imara? Mbio za kuruka viunzi na maji kwa wanaume, Kenya ilizishinda katika kila Olimpiki iliyoshiriki kuanzia 1968 hadi 2016. Tokyo zilichukuliwa na Soufiane El Bakkali wa Morocco, akazichukua tena Paris. Katika Jumuiya ya Madola, dhahabu za Kenya kwa jumla zilikuwa 12 Delhi 2010, 10 Glasgow 2014, 4 Gold Coast 2018, kisha 6 Birmingham 2022. Juu ya hayo kuna dawa za kusisimua misuli. Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni ya wanawake Rio, alipigwa marufuku. Oktoba 2025 Ruth Chepngetich, mwenye rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake, akafungiwa miaka 3. Nchi yenye michezo kumi huweza kustahimili adhabu katika mmoja. Yenye mmoja haina mahali pa kuegemea.

Serikali inaelekeza macho kwenye mtaala mpya, ambao katika sekondari ya juu una mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Katika mfumo wa 8-4-4, kipindi cha mazoezi ya viungo kilikuwa kwenye ratiba lakini hakikutahiniwa, na mara nyingi kilimezwa na hisabati. Sasa michezo inatahiniwa. Ila mtihani haujengi njia ya tartani, hauchimbi bwawa la mita 50 wala hauajiri kocha. Mpaka Kilifi ipate vitu hivyo vitatu, mkondo huo utabaki somo la ubaoni, na orodha ya timu ya taifa itaendelea kuandikwa bila Gongoni.