Presha haiumi, lakini mishipa yaumia

Kaa baraza yoyote ya kahawa hapa Pwani, kuanzia Lamu hadi Vanga, hutakosa kumsikia mtu akisema: "Dawa za presha niliziwacha, na sasa sina neno." Kichwa hakimuumi, hana kizunguzungu, usingizi anaupata. Basi amejihesabu amepona. Makala haya ni yake, na ni ya jamaa zake wanaomsikia wakanyamaza.

Wengi wetu tunadhani mshipa wa damu ni kama paipu ya maji, kitu kisicho na uhai ambacho kazi yake ni kupitisha tu. Sivyo. Ukiuweka ukuta wa ateri chini ya hadubini, utaona matabaka matatu yaliyo hai.

La ndani, linalogusana na damu, ni safu moja tu ya seli, zimelala bapa na kushikana kama vigae vya sakafu. Safu hii huitwa endotheli. Ni nyembamba mno, lakini kazi zake ni nyingi. Huzuia damu isigande ovyo, huchagua kipi kipite na kipi kisipite, na hutoa gesi ya nitriki oksidi inayoufanya mshipa ulegee. Mwaka 1998 wanasayansi watatu wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi kuhusu kazi ya gesi hiyo.

Tabaka la kati ni misuli laini, pamoja na nyuzi zinazovutika kama mpira. Misuli hiyo ndiyo inayoubana mshipa au kuulegeza, bila ya wewe kuiamrisha. Katika aorta, ateri kubwa itokayo moyoni, nyuzi za mpira ni nyingi sana. Moyo ukisukuma, ukuta hutanuka. Moyo ukipumzika, ukuta hurudi na kuendelea kuisogeza damu. Tabaka la nje ni nyuzi ngumu zinazoushika mshipa mahali pake.

Vena, zinazorudisha damu moyoni, zina kuta nyembamba zaidi, na nyingi za miguuni zina vilango vya kuzuia damu isirudi chini. Kati ya ateri na vena kuna kapilari. Hizi hazina misuli wala mpira; ukuta wake ni ile safu moja ya seli tu. Upana wake ni kama elfu nane za milimita, yaani 0.008, hata chembe nyekundu za damu hupita moja moja kwa foleni. Hapa ndipo mwili unapopokea oksijeni na chakula.

Katika karne ya 13, tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Kairo, aliandika kwamba damu haivuki ukuta wa katikati ya moyo bali huzunguka kupitia mapafu, na kwamba lazima pawe na vijia vidogo baina ya mishipa ya huko. Hakuwa na hadubini. Mwaka 1661 Muitaliano Marcello Malpighi aliziona kapilari zenyewe katika mapafu ya chura.

Moyo nao ni msuli wa aina ya peke yake. Seli zake zina matawi, na zimeungana ncha kwa ncha kwa viungo maalumu vinavyopitisha umeme, ndiyo maana zinapiga kwa pamoja kama mtu mmoja. Karibu thuluthi ya kila seli imejaa mitokondria, vinu vya kuzalisha nguvu, kwa kuwa moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku bila likizo. Lakini seli hizi hazizaliwi upya kwa urahisi. Kwa mtu mzima, zinazobadilishwa kwa mwaka hazifiki asilimia 1. Zikifa kwa wingi, pahali pake huja kovu, na kovu halisukumi damu.

Sasa turudi kwa yule ndugu yetu wa barazani. Presha ikikaa juu, kwa kawaida 140 kwa 90 au zaidi, ile safu ya vigae hupata majeraha. Mafuta ya kolesteroli hupenya chini yake, chembe nyeupe za damu huyafuata na kuyameza, na uvimbe hujengeka ndani ya ukuta. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake: ikiwa ni moyoni, ni shambulio la moyo, ikiwa ni ubongoni, ni kiharusi. Katika ateri ndogo za figo na macho, misuli hunenepa na njia hufinyika. Ukuta wa kushoto wa moyo nao hunenepa kwa kusukuma mzigo mzito.

Yote haya huweza kuendelea miaka mingi bila maumivu. Kwa hivyo kujihisi mzima si kipimo. Alipokuwa na presha hakuihisi, na alipowacha dawa pia hakuihisi. Kipimo ni mashine ya mkononi, nayo haichukui hata dakika tano.

Basi tupime, hata tusiougua. Tupunguze chumvi. Sigara huziumiza seli za endotheli moja kwa moja, na miraa na muguka hupandisha presha na mapigo ya moyo. Na kwa walio na dawa, Ramadhani isiwe sababu ya kuzikatiza: muone daktari kabla ya mwezi kuandama, akupangie za futari na za daku. Ikiwa dawa inakusumbua, mwambie akubadilishie. Usijiamulie mwenyewe.

Wazee wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta wa nyumba fundi ataujenga tena. Msuli wa moyo uliokufa hauna fundi.