Je, Wajua? Seva Inayojikokota Huenda Inakosa Faharasa Tu

Je, wajua kwamba hifadhidata inapochelewa kujibu, mara nyingi dawa si kununua seva kubwa zaidi? Bila faharasa (index), ombi la kumtafuta mteja mmoja huilazimu seva kusoma jedwali zima, mstari baada ya mstari. Faharasa ya mti wa B, iliyobuniwa na Rudolf Bayer na Edward McCreight wakiwa Boeing na kuchapishwa mwaka 1972, hufikia mstari mmoja kati ya milioni kwa hatua chache tu. Lakini kila faharasa huongeza kazi wakati wa kuandika data. Kwa hiyo, kabla ya kuongeza faharasa katika hifadhidata ya PostgreSQL, tanguliza neno EXPLAIN kwenye ombi lako. Seva itakuonyesha njia inayokusudia kupita. Pima kwanza, ndipo urekebishe.